Rangi Nyekundu Juu ya Hina

Jumatano, jioni. Kabuku. Joto la kunata, vumbi la malori, na mimi nimekaa uani nanuka mafuta ya taa.

Nina wiki tatu za ndoa. Mnaonisoma hapa mnajua nilivyowachosha na habari za Hamza: anavyonijazia ndoo kabla sijaamka, anavyoniita bibi harusi wakati harusi ilishapita na maturubai yakarudishwa. Leo nilitaka kuandika hayo hayo tena.

Siwezi. Leo nina kinyaa.

Hamza na kaka yake mkubwa, shemeji Rajabu, wananunua mbuzi mnadani na kuwasafirisha kwa lori. Leo ilikuwa siku ya mnada. Nikapika wali na maharage ya nazi, nikavaa dera jipya, nikamfuata mume wangu na hotpoti mkononi huku natabasamu peke yangu njia nzima. Nilitaka watu waone kwamba na yeye ana mke.

Pale mnadani, mbuzi akishanunuliwa anapakwa rangi mgongoni ili asichanganyike na wa wengine kwenye lori. Kila mnunuzi ana rangi yake. Yetu nyekundu. Wenyewe wanaiita alama.

Neno hilo nimelipenda tangu shule. Kule kwetu Magoma, mwalimu wa Baiolojia alikuwa anasoma alama za mtihani kwa sauti, anaanzia juu, na mimi sikuwa nasubiri sana kusikia jina langu. Nilipoenda kuandikishwa kitambulisho nikaacha alama za vidole vyote kumi, nikatoka najiona mtu mzima. Siku naletwa huku, gari lilipunguza mwendo kwenye alama za barabarani pale Segera, na Hamza akanishika mkono kwa mara ya kwanza mbele za watu. Neno moja, na kote huko lilinipa heshima.

Leo nimelikuta kwenye kinyesi cha mbuzi.

Shemeji alikuwa na kopo la rangi na kijiti kilichofungwa kitambaa, Hamza yuko pembeni yake anahesabu mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Badala ya marahaba akasema, "Shem, hebu lete mkono."

Nikauleta. Ndiyo, niliuleta mwenyewe, nilidhani ananipokea hotpoti. Akaudaka kwa vidole vilevile alivyotoka kufunulia midomo ya mbuzi kutazama meno, bado vina mate. Akanipaka rangi nyuma ya kiganja, juu ya hina yangu ya harusi iliyokuwa imeanza kufifia. Kisha akauinua mkono wangu juu.

"Huyu keshapigwa alama! Asisogelewe!"

"Ameshika?" mzee mmoja akauliza kutoka upande wa lori.

"Wiki tatu tu, mzee, mpe nafasi!" shemeji akamjibu.

Ndivyo wanavyosema mbuzi jike akipata mimba: ameshika. Mimi shuleni nilikuwa nashika masomo. Mama alinisisitizia nishike swala. Leo neno lile lile limenipitia tumboni mbele ya wanaume nisiowajua, wakanitazama hapo tumboni, wote kwa pamoja.

Wakacheka.

Na Hamza alicheka.

Nilitembea kurudi nyumbani nimeutenga mkono na mwili kama si wangu. Nimesugua kwa mafuta ya taa, sabuni ya unga, hadi majivu. Hina imetoka yote. Nyekundu imebaki.

Hamza amerudi alasiri na soda ninayoipenda. "Utani tu ule, mke wangu. Kaka ndivyo alivyo."

"Na wewe ulikuwa unacheka nini?"

Akaitazama ndoo. "Si wote walicheka."

Akataka anisugue yeye. Nikauvuta mkono. Sijawahi kuuvuta mkono wangu kwake, na ukweli ni kwamba bado nampenda mpaka naona aibu kuandika. Ndiyo maana kinyaa hiki kinaniuma. Shemeji ningeweza kumdharau, nikalala vizuri.

Kesho shemeji anakuja kula kwetu. Desturi ya nyumba hii ni kwamba mke mpya amnawishe mkubwa wa mumewe kwa mkono wake mwenyewe, amepiga goti. Nikamuuliza Hamza tutafanyaje. Akafikiri, akasema, "Vaa lile gauni la mikono mirefu inayofika vidoleni. Yaishe."

Yaishe!

Nimelitoa gauni, nimelipiga pasi, liko kwenye msumari. Kesho nitalivaa kama mume wangu alivyosema. Nitapiga goti na birika langu. Halafu nitakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, na nitamimina maji polepole, polepole sana, shemeji aone kazi yake.

Lakini nitakuwa namtazama Hamza. Nataka nione kama atacheka.