Zuhura Mbele ya Bugali

Kabambare

Baba Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Kamio, lile lori la pamba, ilikwama njiani, tulifika na matope mpaka magotini, lakini tuko wazima.

Tumemuona bibi yake Zuhura, mama wa yule marehemu aliyemuzaa akatuachia mutoto. Alipika muchele tuliomuletea, akauweka mbele ya Zuhura. Yeye akakaa pembeni na bugali na sombe yake ya majani ya muhogo, maana alifikiri mutoto wa Waungwana, watu wa kanzu kama sisi, hawezi kugusa chakula cha shamba.

Zuhura akanawa, akauacha muchele, akaenda kukaa chini karibu naye. Akamuomba nafasi kwenye sahani, kwa Kibangubangu, lugha ya bibi! Kile alichofundishwa na mama muuza sombe wa huko kwetu, na wewe ukaniuliza ni cha kazi gani. Sasa umejua.

Bibi alilia mukono ukiwa mu sahani. Akaniambia, “Zamani watu wa kanzu walipita hapa wakabeba watoto. Huyu ndiye wa kwanza ninamuona anarudi.”

Kichwa changu kimevimba kwa fahari mpaka kitambaa kinanibana, sikufichi.

Uliogopa watu wa kwao watatunyang'anya mutoto. Fagia chumba cha nyuma, tunarudi watatu. Bibi anataka kuona mulango anaoingia mujukuu wake.

Usilale na njaa kwa uvivu wa kupika. Mungu akulinde mpaka nikuone.

Mimi,
Mama Zuhura
(leo ni bibi mwenyewe ameniita hivyo)