Jina Lililo Kwenye Faili ya Baba

Dadangu Jerotich,

Faili ya urithi wa baba haikupotea. Nilijua ilipo miaka yote uliyoitafuta, na nilikuacha uitafute. Sasa daktari ameacha kuniandikia dawa mpya, na mkono huu unachoka kabla mstari haujaisha. Nakuandikia barua ya wazi, mbele ya watu, kwa sababu kwa siri nimekaa vya kutosha.

Unakumbuka siku ya kwanza uliporudi kutoka kortini? Nilikuwa kwenye veranda hapa Kiplombe, nikikata kucha. Ulivua viatu vilivyojaa matope ukasema, "Mwalimu, wanasema hakuna kesi ya Jerotich. Nikataja jina lako, hakuna. Nikataja arap Lelei, hakuna. Huyu baba hata akifa bado anachelewa!" Tulicheka mpaka ukashika mbavu. Nilicheka pia, tena kwa sauti kuliko wewe.

Kijana wa masjala alikuwa amekuambia, "Mama, bila namba ya kesi nitatafuta mpaka nizeeke kama wewe." Ukamjibu, "Basi anza sasa, kazi ni nyingi." Ulinisimulia hayo ukitia sukari kwenye chai, mwenye furaha, kama mtu ambaye wiki ijayo atapata.

Ningekueleza kabla chai haijapoa. Kesi ya urithi haifunguliwi kwa jina la anayedai. Hufunguliwa kwa jina la marehemu, na ni lile lililo kwenye cheti cha kifo. Baba, ambaye sokoni na kanisani aliitwa arap Lelei tu, yaani mwana wa Lelei, kwenye kitambulisho alikuwa Zakaria Kimutai, jina aliloacha kulitumia kabla hujazaliwa. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku langu. Mtu akiwa na jina hilo na mwaka wa kesi, masjala humtafutia namba. Akiwa na namba, anaomba kusoma faili. Hata ombi lenyewe la urithi hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku hizi wengine huanza kutafuta kwa simu. Wewe ulienda kwenye korti sahihi, ukasimama kwenye dirisha sahihi, mara kwa mara, na jina lisilo sahihi mdomoni. Atakayesoma barua hii na ana faili ya kutafuta, achukue hayo. Wewe hayakufai tena.

Nilijiambia kwamba msichana ni wa kwao alikoolewa, kama wazee wetu walivyosema. Lakini ulikuwa umerudi kutoka Timboroa na cherehani na mashuka mawili, na huko hakukuwa kwenu tena. Nakumbuka ulivyoniomba, ukiangalia chini: "Sitaki shamba lote, Mwalimu. Nipe ile kona karibu na kaburi la mama, nijenge chumba." Nikakujibu kwamba tusubiri korti iamue. Korti ilikuwa imeshaamua. Kona ile niliiuza pamoja na nyingine. Leo ina nyumba za kupangisha, na nikiwa kitandani nasikia redio za wapangaji.

Ulifia kwenye chumba cha kukodi Kimumu, cherehani ikiwa bado na kitambaa cha mteja. Tulikuzika kwenye makaburi ya mji, kwa sababu nilisema shambani hakuna nafasi. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema kwamba tulizaliwa wawili, tumenyonya titi moja, na sasa nimebaki peke yangu. Watu walilia. Mchungaji alinishika bega.

Nimefikiria kurekebisha. Nirekebishe nini? Ardhi ina wenyewe, walionunua kwa haki. Hukuacha mtoto ambaye ningemkabidhi chochote. Sikuombi msamaha, maana hakuna wa kunijibu, na nikijijibu mwenyewe nitakuwa nimedanganya tena. Lala, Jerotich. Sitegemei kwamba tutalala mahali pamoja.

Limebaki moja. Hata ungepata lile jina, hata wangekufungulia faili pale dirishani, ndani yake usingejikuta. Niliapa mbele ya wakili, kwa mkono huu huu, kwamba baba aliacha mtoto mmoja.

Ndugu yako,
Mwalimu