Mistari Miwili Pale Tarbox

Green River, Utah
6 Agosti 2023

Kaka Kimball,

Habari za huko Idaho, na goti la wifi yangu Colleen linaendeleaje? Sisi hatujambo. Joto ni lile la kukaanga mayai juu ya boneti, matikiti yameiva yote kwa mpigo ili kutukomoa, na Baba anakula nusu tikiti kila asubuhi na chumvi, halafu mchana kutwa analalamika tumbo.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Baba anataka kwenda Tarbox.

Hata mimi nilishtuka. Tangu ofisi ya ardhi imnyang'anye kibali cha kupeleka wageni makorongoni, mwaka themanini na tisa, hajakanyaga huko. Jina likitajwa mezani anaomba apitishiwe viazi. Lakini Jumanne daktari wa macho kamwambia amebakiza mwaka mmoja wa kuona, labda na chini ya hapo. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Janeal, nataka nikaone kama pamefunga." Nikamuuliza pamefunga nini. "Pale nilipopita na matairi. Nataka kujua kama gamba limeota, kabla sijawa kipofu."

Fikiria, Kimball. Yeye ndiye aliyetufundisha kuruka jiwe kwa jiwe kama mbuzi ili tusivunje lile gamba jeusi la udongo, lililo hai, maana ukilikanyaga leo wajukuu wako watauona unyayo. Halafu ni yeye aliyekutwa na alama za magurudumu maili nzima katikati ya uwanda. Ana miaka themanini na sita na bado jambo hilo linamla.

Kwa hiyo nimepanga. Siku tatu, wikiendi ya pili ya Oktoba. Ile Cruiser ya kijani bado inawaka. Tutapunguza upepo wa matairi pale Kisima cha Chumvi, tupande Ngazi ya Nyumbu, ule mwinuko wa miamba, tulale juu, asubuhi twende uwandani. Wewe utashuka Ngazini utuelekeze kwa mikono, maana Baba hataki mtu mwingine asimame mbele ya bampa lake. Mimi anasema naelekeza kama mtu anayefukuza nyuki.

Jibu haraka. Na jibu kwa barua, simu hupokei.

Mdogo wako,
Janeal


Twin Falls, Idaho
15 Agosti 2023

Mdogo wangu Janeal,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Goti la Colleen linapanda ngazi sasa ila kushuka bado. Mimi niko salama, kazi nyingi tu.

Kuhusu safari, wazo ni zuri, ila tulitazame vizuri. Springi za nyuma za Cruiser zilikuwa zimechoka tangu mimi nasoma. Ngazi ya Nyumbu nasikia mvua za mwaka jana zimeibomoa kabisa. Na mzee wa miaka themanini na sita, siku tatu kwenye kiti kile? Mgongo wake utatushtaki.

Mbona tusimpeleke kule kwenye mawe yenye umbo la uyoga? Lami mpaka getini, kuna meza za kulia, kuna choo. Au nenda wewe Tarbox peke yako siku moja, upige picha, umsimulie. Kwa macho yake yalivyo, tofauti ni ndogo.

Msalimie sana. Mwambie apunguze chumvi.

Kaka yako,
Kimball


Green River
24 Agosti 2023

Kaka,

Natumaini wewe na Colleen mko salama, kwa sababu nikikushika hutakuwa salama.

Choo? Baba, Verl Ottesen, aliyekaa miaka ishirini akilala juu ya mwamba na maprofesa wa mawe, umpeleke mahali kwa sababu kuna choo? Umekuwa mtu wa mjini mpaka unatia huruma.

Springi nimeshabadilisha, na shokapu. Ngazi haikubomoka. Deon wa duka la vipuri alipita mwezi wa sita, anasema kuna pengo la kujazia mawe tu upande wa abiria. Nimeazima winchi yake. Nina madumu sita ya maji, spea mbili, jeki ndefu, kamba ya kuvutia, na lile sufuria la chuma la Mama kwa ajili ya viazi na bekoni. Baba anachora ramani nyuma ya kalenda. Hamwoni vizuri mbayuwayu aliye mbele yake lakini kila jiwe la Tarbox analo kichwani. Jana alikaa kwenye Cruiser karakanani, injini imezimwa, anabadilisha gia.

Na kuna jambo jingine. Anasema ana neno la kukuambia wewe, pale pale uwandani. Mimi amekataa kuniambia. Kwa hiyo usilete habari za mgongo. Kama hutaki kuja, niambie sababu ya kweli.

Mdogo wako,
Janeal


Twin Falls
9 Septemba 2023

Mdogo wangu Janeal,

Sijui kama nina uso wa kukujulia hali, lakini nakujulia. Barua yako imekaa kwenye dashibodi yangu zaidi ya wiki. Hii nimeianza mara nne. Leo Colleen kaniambia, "Usipoandika wewe, naandika mimi."

Siyo Baba. Ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka ule, ndio kwanza nimerudi kutoka misheni ya kanisa. Baba alinituma nikakague njia kabla ya wageni wake wa Alhamisi. Nikamchukua Colleen bila kumwambia mtu, tulikuwa tunafahamiana wiki ya pili. Unajua njia inavyozunguka uwanda wote kabla ya kufika kwenye zile nyumba za mawe za watu wa kale. Jua lilikuwa linashuka, na mimi nikataka azione zikiwa bado nyekundu. Nikakata katikati. Colleen akaniuliza, "Hapa panaruhusiwa?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa Verl Ottesen. Gamba lilikuwa linapasuka chini ya matairi, nalisikia, na sikusimama. Tukirudi nikapita hapo hapo.

Baada ya wiki mbili yule bwana wa ofisi ya ardhi akaja na picha. Nilikuwa jikoni nakula tosti. Baba aliishika ile picha muda mrefu. Akasema, "Alhamisi ile kulikuwa na dhoruba ya mchanga. Nilipotea njia kama dakika kumi. Kumbe nilikuwa hapa." Akaomba kalamu. Mimi nikajimiminia maziwa.

Nilijiambia bwana yule akiondoka nitasema. Akaondoka. Nikajiambia, basi baada ya chakula. Kisha Baba akaanza kupakia matikiti kwenye malori ya jirani, mtu aliyekuwa akifundisha maprofesa, na kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana yake. Mlidhani nilihamia Idaho kwa ajili ya kazi.

Naona haya, Janeal. Naona haya hata kuutazama mkono huu unaoandika. Usinifanye nisimame pale mbele yake. Mwambie wewe, kwa namna utakayoona inafaa.

Kaka yako,
Kimball


Green River
1 Oktoba 2023

Kimball,

Sisi wazima.

Barua yako nimetembea nayo ndani ya aproni wiki mbili na nusu. Nimepima mafuta nayo, nimekunja mahema nayo. Baba ameniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Nakumbuka siku aliyoshusha kibao chake getini. OTTESEN, SAFARI ZA MAKORONGO. Nilikuwa dirishani. Wewe ulimshikia ngazi. Ukampa bisibisi, akafungua skrubu nne, ukapokea kibao mikononi mwako ukakipeleka karakana. Uliwezaje?

Mimi simwambii. Na usithubutu kumwandikia, kwa kuwa msomaji wake ni mimi. Utakuja Ijumaa tarehe kumi na tatu, utasimama mbele ya lile gari, na tukifika uwandani utasema kwa kinywa chako. Mimi nitabaki kwenye gari na viazi vyangu mpaka umalize.

Leta koti. Kule juu kunaganda.

Janeal


Price, Utah
Jumatatu, 16 Oktoba 2023

Mdogo wangu Janeal,

Natumaini mgongo wa Baba umeamka vizuri na wewe umepumzika. Niko saa moja tu kutoka kwenu, kwenye hoteli moja ya barabarani. Leo asubuhi ulinikumbatia getini ukasema, "Asante, Kaka." Ulidhani nimesema. Sikusema.

Nilitaka kusema pale Kisima cha Chumvi tulipokuwa tumechuchumaa kila mtu na tairi lake, upepo unatoka. Baba akaanza kuimba, nikaona nisimharibie. Ngazini ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Wewe ulikuwa pembeni yake, unajua alivyoendesha. Haoni jiwe, haoni ukingo, anatazama mikono yangu tu. Nikikunja vidole anakuja. Nikifunga ngumi anasimama, tairi moja liko hewani, na anatabasamu. Tulipofika juu akachungulia dirishani: "Mikono yako naiona, inanitosha." Nilienda nyuma ya mwamba nikajifanya nakojoa.

Asubuhi ile uwandani, ulipobaki kwenye gari, nilimshika mkono tukapita juu ya mawe mpaka ukingoni. Mistari ipo, Janeal. Miwili, yote myeupe, na gamba jeusi limeota kidogo tu kingoni. Ungeweza kuifuata kwa baiskeli.

Baba akasimama akakodoa macho. Akasema, "Mimi naona ukungu. Wewe una macho. Pamefunga?"

Nikamwambia, "Pamefunga, Baba."

Akavua kofia. Akapiga magoti, nusura aanguke, nikamdaka. Alilia. Kisha akaniambia neno lake, akiwa bado magotini: "Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa kijana, ndio kwanza unaanza maisha, na mimi nikakuchafulia jina. Nilijua ndiyo maana ulihama. Hukutaka kuitwa mtoto wangu."

Nikasema, "Nimekusamehe, Baba."

Ndivyo nilivyosema. Nilimsamehe. Kisha nikamwinua nikamfuta vumbi la magoti, tukaja tukala viazi vyako, na ukanipa sahani ya kwanza.

Barua hii naitia posta sasa hivi ili nisiweze kuirudisha. Halafu nageuza gari. Nikifika kabla yake, itupe jikoni kwenye moto. Nisipofika, msomee Baba yote, hata ya maziwa, hata ya kukojoa.

Kaka yako,
Kimball


Green River
Jumapili, 22 Oktoba 2023

Kaka Kimball,

Mko salama? Colleen alinipigia Alhamisi, akasema umefika nyumbani Jumatatu jioni na kwamba huongei. Basi nikajua hukugeuza.

Barua yako ilifika Jumatano saa tano. Niliiweka chini ya bakuli la matunda. Jumatano nzima kila gari lililopunguza mwendo nilitoka nje. Alhamisi pia, mpaka Colleen alipopiga. Ijumaa baada ya kifungua kinywa nikamkalisha Baba nikamsomea zote mbili, hii na ile ya Septemba.

Hakunikatisha. Unajua alichouliza kwanza? Hakuuliza habari zako. Aliuliza, "Kwa hiyo hapajafunga?"

Nikasema hapajafunga.

Akatikisa kichwa. "Nilidhani hivyo. Harufu yake ilikuwa ya mchanga mtupu." Halafu: "Na siyo mimi?"

Nikasema siyo wewe, Baba. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Akasema, "Nilikuwa njiani, basi. Dakika kumi zile, ndani ya vumbi lile, nilikuwa njiani." Akasimama akaenda karakana akipapasa ukuta. Nilimfuata. Alikuwa amekitoa kibao chini ya magunia, anakipangusa kwa mkono wa shati. Akaniomba skrubu nne. Nimezitafuta za shaba, kimerudi getini tangu jana. Kimepinda kidogo upande wa kushoto kwa sababu safari hii hakuna aliyetushikia ngazi.

Sikufichi, amekasirika. Jana alitupa kikombe. Kanisani leo alikaa na kofia magotini hakuimba hata ubeti. Mimi pia nina hasira, na hasira yangu ni ndefu kuliko yake. Lakini nimekusubiri barabarani siku mbili kama mjinga, kwa hiyo bado u kaka yangu.

Nilimuuliza niandike nini. Nayaandika kama alivyosema, nisije nikaongeza langu:

"Mwambie nilimwomba msamaha akanipa. Msamaha huo umekaa hapa na mimi wiki nzima na siyo wangu. Mwambie aje auchukue. Na asithubutu kuniambia nimtumie kwa posta."

Mdogo wako,
Janeal