Kaka, Safari Hii Usinyamaze

Kaka yangu Khalfan,

Shikamoo. Najua barua hii itafunguliwa na kusomwa na wengine hapo gerezani kabla ya kukufikia. Na waisome, sina la kuficha.

Jumatano nilipita sokoni kwetu Ibra, kwenye lile soko la wanawake. Unakumbuka Mama alivyokuwa akikubebesha kapu la vitumbua? Ukifika mlangoni unalitua mbio, maana wanaume hawaingii. Nasser anakungoja pale ukutani. Jirani yetu, rafiki yako, mlaji mkubwa wa vitumbua vya watu. Mama alijua vinapungua njiani, na kila wiki alizidisha vichache kwa ajili yenu. Mimi nilikuwa nikiingia na Mama ndani, nikiringa. Jumatano nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu, kisha nikalia. Watu walinitazama.

Nikakumbuka na Tiwi, sikukuu ya Idi, tumo wadini, kwenye maji yale ya bondeni, wewe umenishika mkono huu na Nasser ule nisizame. Mama yuko juu ya jiwe anapiga kelele kwa Kiswahili chake cha Unguja, Waomani wote wanageuka: "Mshikeni huyo mtoto, ole wenu!" Hamkuniachia.

Mpaka leo siamini kwamba nyinyi wawili mligombana kwa zamu ya maji ya falaj, mfereji uleule mliochezea utotoni. Ulinieleza mara moja tu, nilipokuja kukutembelea. Nasser alikupiga kwanza kwa bakora yake, ukamnyang'anya, ukampiga nayo, akaanguka, kichwa kikagonga jiwe la mfereji. Kisha ukaniambia, "Zuwena, khalas, usiyarudie haya. Marehemu hasemwi."

Na mbele ya majaji ukafanya hivyohivyo. Ulisema umempiga na amekufa. Walipokuuliza kwa nini, uliinamisha kichwa. Wakakuhukumu kwa kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kifo.

Wakili anasema rufaa yetu imesimama juu ya jambo moja. Majaji walipima kuua kwa kukusudia peke yake. Hawakulitazama kosa lililo dogo zaidi, la kumpiga mtu akafa na hukutaka afe, na walipaswa kulitazama hata kama wewe hukulitaja. Hayo atayasema yeye. Lakini akanivuta pembeni: "Ya ukhti, wakiniuliza bakora ilikuwa ya nani na nani alianza, jibu analo kaka yako tu."

Adabu hiyo najua umeitoa wapi. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumsema maiti mbele ya Mama. Ila umesahau siku ile barazani, anachambua mchele, wewe umekasirika sijui kwa nini ukavunja kikombe. Hakukukaripia. Alisema, "Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mwepesi wa mkono. Alikuwa akinipiga."

Ulitahayari. "Mama, si umesema marehemu hasemwi?"

"Simsemi kwa kumchukia, mwanangu. Nasema kwa sababu nyinyi mko hai."

Na Ijumaa ilipofika alimsomea Yasini kama kawaida yake, sauti haikubadilika.

Basi kaka, nimechoka kuwa na heshima na wewe. Siku ya rufaa inua kichwa useme. Sema Nasser alikupiga kwanza na bakora ilikuwa yake. Sema pia kwamba ulimpenda, maana nalo ni kweli. Kisha tumsomee Yasini, wewe huko ulipo na mimi huku, mpaka siku tutakapomsomea pamoja.

Nakuona kila ninapopika vitumbua. Nimekukasirikia na nina hamu nawe, yote kwa pamoja. Mama hayupo tena wa kukwambia, nimebaki mimi. Uko hai, kaka. Sema.

Mdogo wako,
Zuwena