Nyundo Juu, Kufuli Juu

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaniletea kazi ya ngozi. Si mkoba safari hii — ala ya bastola! Bastola ni ya marehemu baba yake. Sasa kibali kina jina lake yeye. Ni mlinzi wa duka la sonara, ila anatembea kama sonara mwenyewe. Dada kanikonyeza nisicheke. Nimechekea tumboni.

Bastola ya kizamani. Usipovuta nyundo ya nyuma kwanza, bana kifyatulio mpaka ukeshe, hailii. Nikamwuliza anaibebaje, maana ngozi hufuata mwili. Nikahutubiwa. Njia ya kwanza: risasi ndani ya chemba, nyundo juu, na kijikufuli cha pembeni kimepandishwa kuizuia isilie — ukikishusha tu iko tayari, inatisha kuiangalia. Ya pili: risasi ndani, nyundo ishushwe taratibu kwa dole gumba. Gumba likiteleza, waite wachimba kaburi. Ya tatu: chemba tupu, nyundo chini; ukitaka kupiga, uvute kwanza chuma cha juu kwa mkono wa pili. Yeye ni mtu wa tatu.

"Nina mama na mke humu ndani, shem."

"Mke kaja mwisho. Sawa," kasema dada toka jikoni.

Hapa nyumbani haina risasi hata moja. Zote zinalala dukani, kwenye kasha la chuma.

Mama yake Shemeji alikuwepo. Akili yake siku hizi inakuja na kuondoka. Miguu imegoma, vidole vinatetemeka hata chai analishwa. Kutwa anatikisa kikopo chake cha vifungo. Katikati ya vifungo kuna kitu kizito — go! go! Nimeshazoea.

Jumatano, 6 Machi

Samaki mkunje angali mbichi. Ngozi pia. Nimeilowesha, nikaifinyanga juu ya bastola iliyofungwa nailoni. Nyundo chini. Nimeviacha juu ya kabati vikauke pamoja.

Alhamisi, 7 Machi

Ala imeharibika. Nyundo iko JUU. Kijikufuli nacho juu. Na ngozi imekauka ikiikumbatia hivyo hivyo, kwa nundu kabisa. Yaani aliyeivuta aliivuta ngozi ikiwa bado mbichi — nilipogeuza mgongo tu.

Shemeji kasema si yeye. Dada kasema yeye huogopa hata kuwasha jiko la gesi. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," kasema Shemeji.

Nguoni mwangu kuna rangi ya viatu tu. Lakini kanipa wazo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelowesha upya. Safari hii nimepaka nyundo rangi ya kahawia, ile ambayo sabuni huipigia magoti. Umbea ni kipaji, ila unataka vifaa.

Baada ya chakula nikaenda kuangalia. Nyundo juu! Nikakagua mikono mezani. Shemeji safi. Dada safi, ananuka kitunguu tu. Yangu mimi ni ya kahawia tangu nianze ufundi, haina ushahidi.

Nikamlisha mama chai. Dole gumba lake — kahawia. Na halikuwa linatetemeka.

Kutoka kitandani kwake mpaka kabatini ni ukumbi mzima. Kaendaje?

Jumamosi, 9 Machi

Nimeketi naye. Nikamwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Leo akili ilikuwapo. Afadhali isingekuwapo.

Kasema mumewe alibeba hivyo miaka yote: nyundo juu, kufuli juu. Haikumdhuru. Wakubwa wake kazini wakaogopa kuiona. Wakamwamuru abebe chemba tupu.

"Tukabishiwa hodi, mwanangu. Sauti ya mtu wa nyumbani. Akafungua. Alikuwa bado anavuta chuma kwa mkono wa pili, wa nje akamtangulia."

Akatikisa kikopo. Go.

"Anarudi."

Nani, mama?

"Mwenye sauti."

Nikamweleza Shemeji. Akacheka. Akaangalia gumba la mama yake, akaacha. Ameifungia bastola na ala kabatini, ufunguo kautia mfukoni. Kabati lenyewe ni la mama, alikuja nalo kwenye ndoa. Haya, yameisha. Nalala.

Jumatatu, 11 Machi

Dada yuko sokoni. Shemeji kazini; kasema atapita mchana kuchukua bastola yake.

Nimetoka uani nikamkuta mama sebuleni. Ameketi kitini! Uso mlangoni, mtandio mapajani. Chini ya mtandio imechungulia ncha ya ala. Mishono yangu naijua.

Kabati liko wazi. Ufunguo unaning'inia — si wa Shemeji, wake una uzi mwekundu. Makabati ya zamani huja na funguo mbili. Watu wazima watatu, hakuna aliyewaza!

Nikajipa moyo: ni tupu, risasi ziko dukani. Nikachukua kikopo chake mezani, nikakitikisa kidogo. Vifungo. Vifungo peke yake, ile go haimo.

Nikageukia mlango.

"Kaa, mwanangu. Andika hayo mambo yako. Nyumba yenye mtu anayeandika huonekana haina wasiwasi."

Nimekaa. Naandika.

Nimemtumia Shemeji ujumbe, simu iko chini ya meza: usibishe hodi. Haujafika. Nimeutuma tena.

Nimemwambia mama, anayekuja ni mwanao. Kanijibu bila kugeuka: "Hata yule tulimjua."

Vidole vyake vimetulia kabisa.

Viatu nje. Ni vya Shemeji, soli nilizipiga mwenyewe. Cha kushoto hulia kikikanyaga saruji. Hicho kinalia.

Mtandio umesogea. Tik! Kama kifungo cha koti. Kijikufuli kimeshuka.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ya mtu wa nyumbani —