Ukuta Unaotoka Jasho

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Miguu yako naishika kwa karatasi hii, maana mikono haifiki Pangani. Goti je, limepoa? Na yule mbuzi wako mkorofi, bado anakula ukili wa majirani? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, mzima kupita kiasi, nimenenepa kwa ndizi mpaka kanzu uliyonishonea inanibana kwapani. Mkweo Kokugonza ni mzima, na mjukuu wako, aliyechukua jina lako, ni mzima. Nimelitanguliza hilo ili usikilize yaliyobaki bila kushika kifua. Mwambie ami anayekusomea asione haya akaruka mambo ya chooni, kwa sababu barua karibu yote ni ya huko.

Wewe ndiye uliyeniletea maneno kwa msafara wa ngozi: mzazi akandwe kwa maji ya moto arobaini nzima, wala upepo usimguse. Nami mtoto wako mtiifu. Lakini huku Bugene ninakofanya biashara si Pangani, Mama. Asubuhi ukungu unashuka migombani hata humwoni jirani anayekusalimu, na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nikasema, upepo huu nitaukomesha. Nikajenga chumba cha kuogea ubavuni mwa nyumba, kuta za fito na udongo mnene, sakafu ya mawe bapa, na juu, chini ya nyasi za paa, nikaweka dari la udongo. Mlango ni ngozi ya ng'ombe. Dirisha hakuna, tundu hakuna, hata mende angelazimika kubisha hodi. Nikawaita wafanyabiashara wenzangu waje kukitazama, wakakisifu, nami nikavimba kichwa.

Basi mzazi akaanza kukandwa. Lo! Mvuke ukajaa humo usione mkono wako. Kuta zikaanza kutoka jasho, maji yakichuruzika mpaka chini, na dari likadondosha matone juu ya uso wa mtoto. Baada ya siku chache kuvu jeusi likaota pembeni, kanga za Kokugonza zikanuka uvundo, na udongo wa ukuta ukawa laini kama ugali. Mimi kwa akili zangu nikadhani mvua inapenya kutoka nje. Nikachota udongo mwingine, nikaukandika nje, safu juu ya safu. Ukuta ukazidi kulowa.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kwao Chonyonyo kumlea mwanawe. Hapa lazima nikueleze jambo. Kwa Wanyambo, watu wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso. Nikiingia kwangu mwenyewe nakohoa kwanza uani ili apate kujifunika. Na hatusemezani moja kwa moja, mke wangu ndiye anayekaa katikati, hata tukiwa tumetengwa na ukuta tu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie mumeo nyumba yake inatoka jasho."

"Mwambie mama nimeona."

"Mwambie, kama ameona, mbona amekaa?"

Ndivyo tulivyoishi, Mama. Ningecheka, lakini mtoto akaanza kukohoa. Kifua kikawa kinamkoroma, kifua cha kiumbe kidogo kama kile! Ndipo mama mkwe akatoa neno lake kutoka nyuma ya pazia, safari hii bila ukali, na hilo ndilo lililoniogopesha: "Mwambie mumeo, kaka zako wakija kunichukua, wakute ukuta huo umekauka. Kama haukukauka naondoka na wewe na mjukuu wangu. Kwetu moto hauzimiki ndani ya nyumba, na watoto hawakohoi."

Wallahi niliingiwa na hofu. Nimekaa nchi hii miaka mingi peke yangu, mimi na marobota yangu ya nguo na magunia yangu ya chumvi, nikila kwa sahani moja. Sasa nimezoea kuamshwa na kilio cha mtoto, wala sitaki kuzoea tena kimya. Na mwanamke akisharudi kwao na mtoto mchanga, nani ajuaye atarudi lini?

Siku moja nilikuwa napika wali, maana wali hapa hawauwezi, hilo ni letu. Nikafunua chungu, na kifuniko kikanimwagia maji miguuni. Nikasimama nacho mkononi. Mvua gani imenyesha ndani ya chungu? Nikakimbia kwa Kokugonza, "Maji hayatoki nje! Yanatoka kwenye beseni letu! Mvuke unakutana na ukuta wa baridi, unageuka maji, hauna pa kutokea. Nitatoboa tundu juu."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwambie atamwua mzazi kwa upepo. Ukuta unataka moto."

"Mwambie mama moto peke yake utatoa jasho zaidi!"

"Mwambie tundu peke yake litaleta baridi zaidi!"

Kokugonza akamweka mtoto chini, akashika kiuno. "Nimechoka kuwa barabara yenu! Mama, washa moto wako. Na wewe, toboa tundu lako. Mimi nataka kulala."

Nisamehe, Mama, amri yako ya upepo nilikuwa naivunja. Lakini nilipima mahali pa juu kabisa, karibu na dari, mzazi akikaa chini upepo unapita juu ya kichwa chake. Kesho yake nikapanda juu ya kinu upande wa nje, nikakohoa kama desturi inavyotaka, nikaanza kuchokoa kwa mkuki. Kumbe mama mkwe alikuwa ndani, ameinamia kigae cha makaa, anapasha kuta joto kabla ya maji kuletwa, na moshi unamkohoza. Mimi nakohoa nje, yeye anakohoa ndani, nani amsikie mwenzake? Bonge la udongo likaanguka, nikaingiza kichwa kutazama kazi yangu, naye akainua uso kutazama nini kimeanguka.

Mama weee! Tulitazamana macho kwa macho. Yeye akapiga ukelele, mimi nikapiga ukelele, kinu kikapinduka, nikaangukia mferejini, tunakomwaga maji ya kuogea. Kokugonza akatoka mbio, akaniona, akacheka mpaka akakaa chini. Nikiwa pale chali nikaona moshi unatoka tunduni, mzito, haukomi. Nikamsikia mama mkwe ndani, sauti imezibwa na nguo aliyojifunika: "Mwambie mumeo... asilizibe."

Tangu hapo ni hivyo: makaa kwanza, kisha maji, kisha ngozi ya mlangoni inakunjwa na kuta zinafutwa. Kuvu nililikwangua, kanga zinaanikwa juani, na kifua cha mtoto kimetulia kabisa.

Shemeji zangu walipofika walikuja na machela, waliambiwa kuna mzazi wa kubebwa. Mama mkwe akaingia chumba cha kuogea, akakaa humo, nami namsikia akipapasa kuta. Alipotoka, amejifunika gubigubi, akapita mbele yangu, akapanda machela yeye mwenyewe, akajinyoosha. "Haya, nibebeni," akawaambia wanawe. "Mwenye nyumba hii nimekwisha kumwona. Mwanangu anakaa."

Nisalimie ami yangu msomaji, dada yangu mwenye maandazi, na shangazi anayeniombea, mwambie dua zimefika. Pokea punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zitafune, usizipike.

Ni mimi mwanao Shabani, mwenye mke ndani na mtoto mapajani, ananilowesha kanzu sasa hivi.