Rangi Ambayo Sikumuuliza Baba

Jumapili, Biharamulo. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Nimefua shuka za baba, nimezianika, nimezianua zikiwa mbichi, na sasa zimetundikwa sebuleni. Sina hamu ya chakula wala ya mtu.

Ni siku ya tano tangu turudi kutoka Mwanza na majibu ya baba. Saratani ya kibofu, na imeshaingia kwenye msuli. Naandika hapa kwa sababu hakuna ninayeweza kumwambia haya nikimtazama usoni.

Nina duka la dawa kule Keza, Ngara. Akija mtu dirishani akisema mkojo unamchoma, namuuliza bila haya: una rangi gani? Akitaja damu simuuzii kitu, namwambia aende hospitali. Nimewauliza wazee, nimemuuliza katekista, nimemuuliza hata bwana harusi wiki ya harusi yake.

Baba yangu sikumuuliza.

Kwetu binti hamuulizi baba yake habari za chini ya kitovu. Baba akiumwa huko, anasema mgongo. Anamwambia mama, mama ananipigia simu kwa mafumbo, nami nafumbua. Miaka miwili nimekuwa nikifumbua jibu lilelile, yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Nafunga vidonge kwenye bahasha, nampa kondakta wa basi la Biharamulo. Baba anapata nafuu wiki mbili, mgongo unarudi, natuma bahasha nyingine. Mama alinisifu kwa majirani kwamba ana daktari wake mwenyewe. Nami nikavimba kichwa.

Daktari wa Mwanza alitueleza taratibu. Saratani ya kibofu si moja, alisema. Ipo inayowapata sana wavuta sigara. Ya baba ni aina nyingine, ile ya kibofu kilichovimba na kuwaka ndani kwa ndani miaka mingi, na anashuku kichocho cha ujana wake kwenye majaruba ya mpunga Usukumani. Mayai ya minyoo yalinasa ukutani mwa kibofu. Mwili ukatuma askari, na askari wakapiga yowe: jengeni upya, zibeni. Chembe za kibofu zikatii, zikajigawa, zikageuka ngumu mithili ya ngozi, mpaka zikafika mahali hazisikii amri ya kuacha. Yowe lenyewe halikunyamaza, na sasa ndilo linalozisaidia kupenya ndani zaidi.

Bibi aliwahi kutusimulia kwamba huko kwao Usukumani mvulana akikojoa damu watu walicheka, wakasema amekua. Kwa hiyo nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nayajua yote, vipande vipande, na sikuviunganisha.

Vidonge vyangu havikugusa ugonjwa. Vilimpa nafuu ya kutosha tu asiende hospitali.

Leo mama alipokwenda kanisani nilibaki na baba. Nilimwamkia mara ya pili, shikamoo, maana sikujua nianzie wapi. Akaitika marahaba kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia. Nikamuuliza, macho yangu yakiwa sakafuni, damu alianza kuiona lini.

"Kabla ya bahasha ya kwanza," alisema. "Nilimwambia mama yako akwambie. Dawa ilipokuja, nikajua umeshaelewa, mwanangu."

Mama aliniambia tu kwamba unamchoma, nami nikajua ni mkojo. Neno la damu lilimshinda kulitamka kwenye simu, kama swali lilivyonishinda mimi. Siwezi kumlaumu. Yeye hakusomea dawa.

Nilidhani baba atanikasirikia. Ningeshukuru angenikasirikia. Badala yake alinishika mkono, kitu ambacho hajakifanya tangu nikiwa mdogo, akaniomba nikirudi Keza nimtumie tena vile vidonge vyangu, kwa sababu hizi dawa za hospitali hazimsaidii kama hivyo vyangu.

Nikamwambia sawa, baba.

Keshokutwa nafungua duka. Bahasha zipo, kondakta ananijua. Nitatia nini ndani?